Kama Mwanangu Anakunywa, Damu Itasema?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango wa chumba cha daktari ukiwa umeshafungwa. Mama katoka Mlandizi, au baba katoka Maneromango, na kijana wa miaka 17 ameletwa kwa kisingizio cha homa. Kijana akishatoka kwenda maabara, mzazi husogeza kiti: "Dokta, huyu nahisi anakunywa. Damu hiyohiyo mnayomtoa, nipimieni na pombe." Walimu wa malezi huuliza vilevile. Huuliza pia wenye bodaboda waliomkabidhi kijana pikipiki ya mkataba.

Damu husema. Ila inategemea umeiuliza kwa kipimo gani, baada ya siku ngapi, na mnywaji ana umri gani. Vipimo vingi vilivyozoeleka hospitalini vinafaa zaidi kwa mtu mzima aliyekunywa miaka mingi. Kijana huvipita bila kuonekana. Kipo kimoja kinachomwona vizuri zaidi, na sehemu kubwa ya sura hii ni juu yake. Sehemu iliyobaki ni juu ya jambo ambalo wazazi wachache huuliza: jibu likishapatikana, litatumika kumfanya nini huyo kijana?

Kunywa sana ni kiasi gani?

Kabla ya kupima, tukubaliane tunatafuta nini. Kila kinywaji kinacholevya kina kileo, yaani ile sehemu inayolevya yenyewe, na kileo hupimwa kwa gramu. Chukua bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5. Ndani yake mna mililita 25 za kileo, na kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji, uzito wake ni kama gramu 20. Konyagi ina asilimia 35. Chupa yake ndogo ya mililita 200, ile inayoingia mfuko wa suruali, ina gramu 55.

Shirika la Afya Duniani huita unywaji wa kupindukia pale mtu anapofikisha gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja, angalau mara moja ndani ya siku 30. Piga hesabu: ni bia 3. Vijana wengi ukiwaambia hivyo hucheka, kwa sababu bia 3 kwao ni kuanza tu. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kijana anaweza kukujibu kwa moyo mweupe kwamba hanywi sana, naye kila Jumamosi anavuka gramu 100.

Kwa wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, hesabu ya chupa haitoshi. Kibaha imekaa juu ya Barabara ya Morogoro. Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi pombe ya kiwandani haiko mbali na kituo cha basi, na malori husimama usiku kucha. Kisarawe, ukishaipita misitu ya Pugu kuelekea ndani, unaingia kwenye minazi na mikorosho. Huko kuna mnazi unaogemwa asubuhi ukiwa mtamu, na kufika jioni umeshakuwa mkali. Kuna pombe ya mabibo msimu wa korosho. Kuna na gongo, ambayo sheria imeikataza na ambayo hakuna anayejua ina asilimia ngapi, hata aliyeipika. Hunywewa kwa kikombe kimoja kinachozunguka. Kijana aliyekaa kwenye mzunguko huo, hata akitaka kusema kweli, hana cha kuhesabu.

Viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa hadi kwenye genge la nyanya, vilipigwa marufuku nchini Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nadhani ulikuwa uamuzi mzuri kwa vijana kuliko semina nyingi nilizowahi kuzisikia. Lakini kiu haikuisha na vifuko. Ilihamia kwenye chupa ndogo.

Kwa ufupi: bia moja ya mililita 500 ni gramu 20 za kileo, bia 3 kwa mkupuo ni kupindukia, na kwa pombe za kienyeji mnywaji mwenyewe hajui amekunywa gramu ngapi.

Vipimo tulivyonavyo, na jinsi kijana anavyovipita

Cha kwanza ni kile cha askari wa usalama barabarani, cha kupuliza. Kinapima kileo kilichomo mwilini wakati huo, na damu inaweza kupimwa kwa maana hiyohiyo. Mwili huondoa kileo kwa kasi ya gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo bia moja huisha baada ya saa mbili au tatu. Dereva akilewa jana saa mbili usiku na kupimwa leo saa nane mchana, kuna uwezekano mkubwa atakutwa safi. Kipimo hiki kinafaa barabarani. Kinafaa pia chumba cha dharura cha Hospitali ya Tumbi, ambako majeruhi wa Barabara ya Morogoro huletwa. Juu ya tabia ya mtu hakisemi lolote.

Cha pili ni vipimo vya ini. Ini likisumbuliwa, humwaga kwenye damu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Kimojawapo, GGT, hupanda kwa wanywaji wa muda mrefu. Kwa mtu wa miaka 50 aliyekunywa kila siku tangu ujana, GGT inaweza kumfichua. Kwa kijana wa miaka 18, hapana: ini lake bado lina nguvu na unywaji wake ni wa wikiendi. Tena GGT hupandishwa na mambo mengine mengi: unene, homa ya ini, rifampicin ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama phenytoin, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mzazi akishika karatasi yenye GGT ya juu akahitimisha kwamba mwanawe mlevi, huenda anamhukumu mgonjwa wa ini.

Cha tatu ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu, namba inayotoka katika kipimo cha damu kamili. Pombe nyingi kwa miezi huzifanya chembe zivimbe. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo badiliko huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Na Pwani, ambako upungufu wa madini ya chuma unazifanya chembe kuwa ndogo, hali mbili zinaweza kukutana na kufutana, karatasi ikasoma kawaida.

Kumtafuta kijana mnywaji kwa vipimo hivi ni kama kukagua nguzo za nyumba mpya ukitafuta mchwa walioingia mwezi uliopita: wadudu wapo, ila mti haujaliwa kiasi cha kuonekana. Vipimo hivyo hutafuta madhara, nayo kwa kijana bado hayajafika. Kusubiri yafike ndipo tumsaidie ni ukatili.

Cha nne kilikaribia. Miaka ya 1970 huko Sweden iligundulika kwamba protini inayobeba chuma kwenye damu, transferini, hupungukiwa na vipande vyake vya sukari kwa mtu anayekunywa sana. Kipimo chake huitwa CDT. Hakidanganywi kirahisi na magonjwa kama inavyodanganywa GGT, lakini ili kipande, mtu anapaswa awe amekunywa gramu 50 hadi 80 kila siku kwa wiki mbili hivi, yaani bia 3 au 4 kila siku bila kuruka. Kijana wa kijiweni akilewa Ijumaa na Jumamosi tu, CDT yake itatulia. Kwa wasichana huteleza zaidi.

Alama inayoachwa na pombe yenyewe

Miaka ya 1980, tena Sweden, watafiti walikuta mwilini kitu ambacho hutengenezwa tu kileo kinapokuwepo. Jina lake refu ni fosfatidilethanoli; tuliite PEth kama watu wa maabara wanavyoliita. Kuta za chembe nyekundu zimejengwa kwa mafuta ya aina yake. Kileo kikipita, kimeng'enya kimoja hukosea njia: badala ya kuunganisha mafuta hayo na maji, huyaunganisha na kileo. Kinachozaliwa hapo hunasa kwenye ukuta wa chembe na kutoka polepole. Kila baada ya siku 4 hadi 10 hivi, nusu yake huwa imeondoka.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. PEth haingoji ini liumie. Mwenye miaka 16 na mwenye miaka 60, wote wakinywa, huacha alama ya aina moja. Huonekana wiki mbili hadi nne baada ya kunywa, na kwa mnywaji mkubwa hata zaidi. Kijana aliyejizuia siku tatu kwa kuwa alijua anakuja hospitali bado ataonekana.

Watu huuliza kuhusu vitakasa mikono na dawa za kusukutua mdomo, ambazo nyingi zina kileo. Vimejaribiwa, na hata matumizi makubwa ya kila siku hayakufikisha kiwango kinachohesabiwa kuwa ni kunywa.

Namba husomwa kwa nanogramu kwa kila mililita ya damu. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Mipaka inayotumika zaidi ni hii:

- Chini ya 20: hanywi, au alikunywa kidogo sana, au alikunywa zamani.
- Kuanzia 20 hadi 199: amekunywa wiki za karibuni, kwa kiasi cha kati.
- 200 na kuendelea: amekunywa sana na mara kwa mara.

Usiishike mipaka hii kama mizani ya dukani. Aliyekunywa bia 8 usiku mmoja wa harusi na aliyekunywa moja kila jioni wanaweza kukutwa na namba zinazokaribiana. Uzito wa mwili, hali ya ini na wingi wa damu huisogeza namba. Kwa kuwa PEth hukaa ndani ya chembe nyekundu, anayepungukiwa damu ana mahali pachache pa kuihifadhi. Na aliyeongezewa damu anaweza kubeba PEth ya mtu aliyemchangia. Muulizeni kijana kama aliwahi kulazwa karibuni kabla ya kumwita mwongo.

Tone kwenye karatasi

Uzuri mwingine wa PEth ni kwamba haihitaji sindano ya mkononi wala jokofu. Karatasi inayotumika ni ileile ambayo akina mama wanaoishi na VVU wanaifahamu, inayochukua damu ya kichanga wa wiki 6 ili apimwe. Ni nene kama kadi na ina maduara yaliyochapwa. Muuguzi huchagua kidole cha tatu au cha nne na kukichoma pembeni ya ncha, ambako maumivu ni madogo. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba kavu. La pili huachwa likue hadi lining'inie, kisha huguswa katikati ya duara. Likipenya mpaka nyuma ya karatasi, limekubali. Asirudie kugusa duara lilelile, kwani tabaka mbili za damu huharibu hesabu.

Kisha karatasi hulazwa mahali pakavu kwa saa kadhaa, mbali na jua na vumbi. Hapo Kisarawe hupata kazi, hasa masika, hewa inapokuwa nzito na nguo hazikauki. Ikikauka huingia kwenye mfuko unaofungwa vizuri pamoja na kifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu.

Kuna kosa moja dogo ambalo kila muuguzi anapaswa kulijua. Pamba ya kusafishia kidole huweza kuwa imelowekwa spiriti, nayo spiriti ya aina hiyo ni kileo. Damu ikiwa bado mbichi na kileo kikaingia, chembe huendelea kutengeneza PEth hata nje ya mwili. Kidole kisafishwe kwa dawa isiyo na kileo, au kiachwe kikauke kabisa kabla ya kuchomwa. Tukizembea hapo, tutamzushia mtoto wa watu.

Kikwazo ni mashine. Kusoma PEth kunahitaji mtambo mkubwa unaotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake, na maabara ya kawaida ya hospitali haina. Sampuli za Mbarara, Uganda, zilisafirishwa hadi jimbo la Illinois, Marekani, kusomwa. Kwa hiyo mzazi wa Mlandizi akienda kesho kuomba PEth, ataambiwa haipo. Mahali pake kwa sasa ni kwenye utafiti.

Kwa ufupi: PEth inafaa kwa vijana kuliko vipimo vingine vya damu, inahitaji tone tu, na inasema kuhusu wiki chache zilizopita. Bado haipatikani kwa mtu mmojammoja kwenye hospitali zetu nyingi.

Waliopima walikuta nini?

Mbarara ni mahali pazuri pa kujifunzia. Kuanzia miaka ya 2010, watafiti huko waliwapima PEth watu wanaoishi na VVU na kulinganisha na majibu yao ya mdomo. Wapo waliosema hawajagusa pombe na damu ikasema wamegusa. Eldoret, Kenya, ulinganisho kama huo umefanywa pia. Wasomaji wengine hukimbilia kusema Waafrika ni waongo. Mimi naona jambo jingine: mgonjwa aliyeambiwa kila mwezi kwamba akinywa ataharibu dawa, na anayeogopa kufokewa dirishani, amefundishwa na kliniki yenyewe kuficha.

Kwetu, mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vijana wa miaka 15 hadi 24 wa Mwanza na Kilimanjaro: wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, walioajiriwa na vibarua. Waliulizwa kwa mdomo. Wavulana walikunywa kuliko wasichana, na wanachuo wa kiume waliongoza. Kama kuficha kupo, na kupo, basi hali halisi iko juu ya ile iliyosemwa, zaidi kwa wasichana, ambao jamii huwatazama kwa jicho kali. Hapo ndipo kadi za damu zingefaa Kibaha na Kisarawe: kuchukua matone ya vijana mia kadhaa bila majina, kujua ukubwa wa tatizo kwa kila rika, kisha kurudi baada ya miaka miwili kuona kama kilichofanywa kimesaidia. Halmashauri ikipanga kwa kubahatisha, fedha huishia kwenye mabango.

Shule ikitaka kupima wote

Wilaya hizi zina shule za bweni za siku nyingi. Kibaha kuna zile zilizotokana na kituo kilichoanzishwa na nchi za Nordiki mwaka 1963; Kisarawe kuna Minaki. Mahali popote penye bweni, wazo la kupima wanafunzi wote huja mapema: tupime, wanaokutwa waende nyumbani. Nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Anayefukuzwa hupoteza watu waliokuwa wakimwona kila siku, akarudi kijiweni alikoanzia. Waliobaki hujifunza kukimbia zahanati. Na kipimo, hata kizuri, hukosea mara moja moja. Ukipima wanafunzi 800, makosa machache yanatosha kuharibu maisha ya watoto kadhaa. Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utafiti hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Anayepaswa kutafutwa kwanza ni muuzaji.

Kuuliza kabla ya kuchoma kidole

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT. Lilitengenezwa miaka ya 1980 kwa kujaribiwa katika nchi 6, na Kenya ilikuwa mojawapo. Ni la bure, lipo kwa Kiswahili, na muuguzi wa zahanati analiweza. Ila namna ya kuuliza ndiyo yenye uzito. "Unakunywa pombe?" hujibiwa hapana. Muuguzi mzoefu huanza mbali:

"Hujambo, mdogo wangu. Jumamosi mnakaaga wapi na wenzio?"

"Shikamoo, dada. Hapo stendi tu."

"Marahaba. Mkikaa, mnachanga? Mnanunua nini? Mpo wangapi kwenye chupa moja?"

Chupa ya mililita 200 kwa watu wawili, gramu 27 kila mmoja. Zikija tatu, kila mmoja kavuka 80. Muuguzi amepata hesabu bila kumwita mtu mlevi.

Moshi, katika Hospitali ya KCMC, wamejenga juu ya mazungumzo ya namna hii. Mpango wao unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Majeruhi wanaoonekana kunywa kwa hatari huketi na muuguzi kwa muda mfupi kabla ya kuruhusiwa, wakazungumza pombe inawafanyia nini na wao wenyewe wanataka nini, kisha ujumbe mfupi wa simu huwafuata nyumbani. Sioni kwa nini Tumbi, yenye majeruhi wengi vijana, isifanye vivyo hivyo.

Kama ni wewe mzazi, na umeshajua

Zungumza naye asubuhi, akiwa hajalewa na wewe hujakasirika. Muulize anakunywa na nani, pesa inatoka wapi, na nini kinamkimbiza nyumbani. Mpeleke kituo cha afya kwa mtu anayeweza kutunza siri, na ukubali kukaa nje ya chumba wakati wanazungumza.

Kama amekuwa akinywa kila siku kwa miezi, usimfungie ndani ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe huitika vibaya ikikatwa: mikono hutetemeka, jasho humtoka, halali, na hali hiyo huweza kuanza saa 6 tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kumkuta ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo, na majirani wakasema karogwa. Ni hali inayoua, na hospitali ina dawa za kuituliza. Dalili hizo zikianza usiku, tafuteni usafiri usiku huohuo.